Duki wa Bellevue

Bellevue, Johannesburg
Oktoba 2017

Dada yangu Victoire,

Barua hii inatoka kwa mtu mkubwa, uipokee kwa mikono miwili. Hapa Bellevue hakuna Mkongomani anayepigilia msumari ukutani bila kuniuliza, na hata magari ya polisi yakifika mtaani kwetu hupunguza mwendo. Basi nakusalimu. Mgongo wako unaendeleaje? Mvua za Butembo zimewaachia barabara? Mimi ni mzima, kikohozi tu cha hapa na pale. Najua binti yako Masika ameshafunga mizigo ya kuja kukaa kwangu. Ni kwa ajili yake nimeshika kalamu, ila niache nianzie mbali.

Unaikumbuka nyumba niliyokusimulia, ile kubwa yenye vyumba vilivyogawanywa kwa mbao. Mwenyewe yuko ng'ambo. Wakala wake ndiye aliyenifanya msimamizi, nikawa naamua kesi za jiko na choo. Jacques, mwalimu wa historia kutoka Bukavu ambaye hapa anasuka nywele, akanibandika jina la Duki, yaani mtawala. Alisema zamani sana huko Ulaya Waalamani, kabila la Wajerumani wa kale, walikuwa na duki wao, lakini alikalia kiti kwa ruhusa ya Wafranki, majirani waliomzidi nguvu. Akijaribu kujitawala, wanamshukia. Mimi nililipenda jina. Nikanunua na kofia.

Mwezi uliopita wakala akaniagiza niwaite wapangaji wote Jumamosi, kanisani ng'ambo ya barabara, tuzungumzie paa linalovuja. Asikose mtu. Jacques, vidole vyake vikiwa kwenye kichwa cha mteja, akanisihi nisiwatoe wote. Akasema Mfranki mmoja, Karlomani, aliwaita wakubwa wa Waalamani mkutanoni, mahali panaitwa Cannstatt. Wakaenda, wakazingirwa bila vita, wengi wakauawa, na uduki wao ukafia hapo. Tena hapa Afrika Kusini, akasema, kumtoa mtu aliye ndani ya nyumba yake kunataka amri ya jaji, lakini nyumba tupu nani ataitetea? Nikamwambia asuke nywele za watu. Nikatangaza sheria ya chama chetu cha kusaidiana: asiyefika mkutanoni atatoa faini, hata kama anaumwa.

Wakaja wote, na viti vyao, wamevaa kama Jumapili. Wakala mwenyewe akaomba afungue kwa sala. Eish, dada! Hatujasema amina, lori likasimama getini kwetu, wanaume wakashuka na kufuli mpya. Wakala akasema wapangaji wamehama kwa hiari yao, na ushahidi ni kwamba ndani hamna mtu. Nilimkimbilia na kofia yangu. Akanipita kama mti wa barabarani.

Sasa tumetawanyika. Wengine wamebanana mtaa wa Joubert Park, mimi nalala humo kanisani kati ya ngoma na spika. Watoto wa wapangaji, ambao Kiswahili wanakisikia tu na kujibu kwa Kizulu, wakiniona wananipigia saluti: Duki! Duki! Jacques hacheki. Ananiamkia kwa heshima, na hiyo ndiyo inayoniuma. Kwa hiyo Masika asipande basi. Sina chumba, sina hata mlango.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mpe pole kubwa mama mkwe wako.

Mstari huu uusome ukiwa peke yako. Watu wanaulizana Bibi Goreth, yule mama wa Burundi mwenye mguu uliovimba, alitokaje siku ile, maana angebaki yeye tu, nyumba isingekuwa tupu. Nimewaambia alijikokota mwenyewe kwa kuogopa faini, naye kwa utu wake hajanikanusha. Dada, nilimbeba mimi, mgongoni. Alinipiga makonzi njia nzima akisema nimwache, mguu wake haujui mikutano. Nilitaka wakala aone kwamba nikiita mimi, hata asiyetembea anakuja.

Wala hakutazama upande wetu. Alikuwa anachezea simu.

Ndugu yako,
Gaston