Pau Mbili Juu ya Bila Turufu

Mpendwa wifi Felista,

Kaka yako ameniona naandika, akaniuliza naandika nini saa hizi za kupika. Nimemwambia namwandikia dada yake. Hakunicheka. Alikaa kwenye kochi, akashika rimoti bila kuwasha tivii, kisha akatoka nje. Ndivyo alivyo tangu tulipokuzika Chanika, kwa hiyo usimlaumu.

Nina neno nililopaswa kukuambia ukiwa hai, nikalimeza. Naliandika leo lisomwe mbele za watu, maana kosa lenyewe nililitenda mbele za watu.

Unakumbuka tulivyoanza briji? Jirani yetu hapa Tegeta, Baba Neema, aliujua mchezo huo tangu ujana wake wa ukarani. Alipostaafu akaanza kutusumbua: yeye na mkewe ni wawili, wanataka wawili wengine. Mie nikadhani ni karata za kawaida, kama zile tunazochezaga umeme ukikatika. Loo! Kumbe kabla ya kutupa karata hata moja ni lazima kunadi: kila mmoja anasema watakula mara ngapi zaidi ya sita na rangi gani iwe turufu, na mwenzako anakuelewa kwa maneno hayo machache tu. Kukonyezana marufuku. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu ilikuwa adhabu. Wewe ulikuwa unatoka Chanika kila Jumamosi na mihogo yako kwenye kiroba, unafika vumbi tupu, unanawa uso, unauliza, "Karata ziko wapi?"

Na Baba Neema alivyopenda kufungua kwa bila turufu! Anakohoa kidogo, anajiweka sawa kitini: "Moja, bila turufu." Yaani nina karata kali za kila rangi, msinisogelee. Na kweli hatukumsogelea. Mie napita, yaani sinadi kitu, wewe unapita, wanatuchapa, Mama Neema anacheka mpaka miwani inamdondoka. Siku moja tunamenya ndizi jikoni kwangu ukasema, "Wifi, huyu mzee atatunyamazisha mpaka lini?"

Ulikuwa umeshafikiria. Akifungua bila turufu, mmoja wetu akisema "pau mbili", haina maana kwamba ana pau. Maana yake ana kopa nyingi na shupaza nyingi, na mwenzake achague mojawapo. "Ila usiniache hapo kwenye pau, tafadhali. Ukiniacha nimekwisha." Nikakubali. Nikarudia mara tatu, kisu mkononi, kama mtoto wa kipaimara. Ukacheka sana. Nilipenda kukuchekesha, maana ulikuwa mkimya, na mwanzoni mwa ndoa yangu niliuchukulia ukimya wako kuwa maringo.

Ikaja Jumamosi ile. Barazani kwa Baba Neema kulikuwa na majirani wamekaa kutazama. Mzee akakohoa: moja, bila turufu. Ukasema, "Pau mbili." Mama Neema akapita. Mie nikatazama karata zangu, nina kopa nne nzuri, na kichwani sina kitu kabisa. Sijui nilikuwa nawaza nini. Nikasema, "Napita." Baba Neema, kabla naye hajapita, akaniuliza pau mbili za mwenzangu zina maana gani. Ni haki yake kuuliza, maana kwenye briji makubaliano hayawi siri. Nikamjibu kwa kujiamini, "Ana pau, nini tena?"

Kabla Mama Neema hajatupa karata ya kwanza ukasema taratibu, "Samahani. Tulikubaliana kwamba ni kopa na shupaza. Mwenzangu amesahau."

Amesahau! Neno hilo lilinichoma, wifi, mbele ya watu wote wale. Nikakuruka. "Tulikubaliana lini? Usinisingizie. Umeona mambo yameharibika ndiyo unatunga."

Na nilikuwa nimeshakumbuka. Nilikumbuka jikoni, ndizi, kisu, kila kitu, kabla sijafika mwisho wa maneno yangu, nikayamalizia hivyo hivyo.

Ulinitazama, ukarudi kwenye karata zako. Nikalaza karata zangu mezani, kama sheria inavyomtaka mwenzi wa aliyeshinda mnada, kopa zote nne, kila mtu akaziona. Tulihitaji kula mara nane, sita na zile mbili, ukala mara tatu. Ulipomaliza ukakunja kiroba chako, ukawashukuru wenyeji kwa chai, ukaondoka.

Jumamosi iliyofuata hukuja. Wala nyingine. Nikajiambia umenuna, na mie siendi kumbembeleza mtu aliyenuna. Kwenye simu tuliongea habari za kuku wako, za kaka yako, za mvua. Halafu ukaugua. Nilikaa kwako siku kumi na moja, nikakukanda miguu, nikakunywesha uji, nikakusimulia umbea wote wa Tegeta. Siku moja ukanishika mkono. "Wifi, una nini?" Nikasema, "Nimechoka tu." Mungu anisamehe. Mdomo wote huu, na neno moja lilinishinda.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa Baba Neema. Karata zilikuwa mezani, nikawaambia leo sichezi. Nikaungama: yale makubaliano yalikuwepo, Felista alisema kweli, mwongo ni mimi.

Wakatazamana. Mama Neema akasema, "Mbona mwenyewe alirudi hapa jioni ileile, kabla hajapanda gari? Alituomba radhi. Alisema aliyatunga, wewe hukujua lolote, tusije tukakufikiria vibaya."

"Na sie tukamwamini," Baba Neema akasema. Alikuwa anaangalia chini. "Karata na mtu wa kutunga mambo hazichezeki. Ndiyo maana nilimpigia simu nikamwambia asije tena. Wewe tulikuficha, tusiwagombanishe."

Kumbe hukununa, wifi. Ulikatazwa. Jumamosi zote zile ulikaa Chanika ukiitwa mwongo kwa ajili ya jina langu, ukapokea simu zangu, ukacheka umbea wangu, ukafa bila kunidai hata neno. Baba Neema amelia. Nimekwenda pia kwa majirani waliokuwepo siku ile, nyumba kwa nyumba, nikawaambia. Haitoshi. Najua haitoshi.

Lala salama, dada wa mume wangu. Aliyetunga ni mie.

Wifi yako.