Mizizi Iliyosimama

Beni, 4 Machi 2001

Josée mdogo wangu,

Salamu nyingi. Habari ya afya, na ya baridi ya Butembo? Sisi tuko wazima. Hadubini ya shule yetu iliibwa vitani, donc nakutumia mizizi ya kitunguu ndani ya pombe kali. Nilikiotesha juu ya kikombe cha maji ya kisima chetu. Nihesabie kwa hadubini yenu seli zinazopumzika na zinazogawanyika, wanafunzi wangu wapate angalau namba.

Tangu askari wahame kambi yao pale kisimani, maji yamekuwa matamu ajabu. Ndevu zangu nazo zimegoma kuota! Mke wangu Antoinette ananicheka: "Sasa uko bwana mupya." Alijikata kidole akimenya mihogo, kidonda hakitaki kufunga. Mimba yake imeingia mwezi wa sita.

Kaka yako, yaya Cyrille

Butembo, 19 Machi 2001

Yaya Cyrille,

Hujambo? Shemeji je? Mimi nina mafua tu. Ni wewe uliyenifundisha kwamba kwenye mzizi seli nyingi hupumzika. Kwako hakuna hata moja. Zote zimeanza kugawanyika zikasimama: nyuzi za kromosomu zimejipanga katikati, hazivutwi huku wala kule. Umeharibu nini, mwalimu? Mpe dereva Ézéchias chupa ya maji yale ya kisima aniletee.

Mdogo wako, Josée

Butembo, 6 Aprili 2001

Yaya,

Salamu zingoje. Maji yamefika. Nimeweka ndani yake kitunguu kilichotoka Kipese chenye mizizi mirefu, mizizi ikaacha kukua. Ndani ni vilevile, nyuzi zimejipanga. Nikasoma upya barua yako: ndevu, kidole. Kidonda hufungwa na seli zinazogawanyika. Mtoto naye hukua hivyohivyo. Naogopa, yaya. Shemeji asinywe tena maji hayo, hameni leo.

Josée

Mavivi, 28 Mei 2001

Josée dada yangu,

Natumaini mafua yamekwisha. Barabara ilifungwa, barua yako ilinifikia mwanzo wa mwezi huu. Tumehamia Mavivi, tunakunywa maji ya mvua. Ndevu zimeota, kidole cha Antoinette kimepona. Lakini tumbo lake ni lilelile la Machi. Nesi anasikia moyo ukipiga, ila mtoto hachezi. Antoinette anasema, "Mutoto iko analala tu." Anamfumia kofia.

Kitunguu chako, ukikihamishia maji safi, mizizi huendelea kukua? Nijibu hata kama ni hapana.

Yaya wako

Butembo, 20 Juni 2001

Yaya wangu,

Pole. Nimekihamisha siku ileile barua yako ilipofika, na nimekiangalia kila asubuhi. Mizizi mipya imeota, mizuri. Ile ya zamani haijaoza, haijakauka. Imesimama tu.

Usimwambie shemeji. Mwache amalize kofia.

Mdogo wako, Josée