Vifaranga wa Kijani

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo wewe, na Shemeji kikohozi chake kimepoa? Wapwa wangu je, yule mkubwa, Kibonge, bado anawashinda wenzake kwa kula, au siku hizi anaona haya? Sisi huku wazima wa mwili. Mama anakula, na usingizi anapata. Mimi mgongo unaniuma kwa ajili ya dari za ile shule ninayopaka rangi, lakini hilo si la kuandikiwa barua.

Barua yako ilifika wiki tatu zilizopita. Uliuliza jambo moja tu: kwa nini Mama hakwenda kupasuliwa macho, wakati wewe ulihangaika huko na huko mpaka daktari akampangia siku. Tangu juzi nimeanza kukujibu mara nne nikachana. Leo nasema, hata kama hutanisemesha mwaka mzima. Dada, ni mimi.

Ngoja nianzie kwenye kuku. Usikasirike, utaona tunakofika.

Unamjua yule tetea wa Mama mwenye kishungi, tunayemwita Mwalimu Mkuu kwa ile miondoko yake. Mwezi wa nne aliangua vifaranga kumi na saba, na Mama akafurahi kama kaongezewa wajukuu. Kuku wake hawafungiwi, wanazurura uani na kwenye majani nyuma ya bafu mchana kutwa. Siku ya tano mwewe akashuka akanyakua wawili, saa nne asubuhi, tumekaa tunatazama.

Jirani yetu mshona nguo akanipa shauri: wapakwe rangi mgongoni, mwewe hatawatambua. Lakini iwe ya chakula, ikorogwe na maji, wakaushwe juani. Akanionya kabisa kwamba rangi ya mafuta si ya kiumbe kinachopumua. Sasa mimi unanijua mdomo wangu. Nikamcheka! Nikamwambia nina miaka ishirini kwenye rangi, yeye akashone vifungo. Nikachukua mabaki ya rangi ya mafuta, ile ya kijani niliyopakia madirisha ya zahanati, nikawapaka wote kumi na watano, mgongo, mabawa mpaka shingo. Mara mbili, kama mlango. Mama akawa anawaita "wanajeshi wangu", akimsimulia kila apitaye kwamba mwanawe ni fundi wa kweli.

Kesho yake asubuhi watatu wamekufa. Manyoya yaligandana, joto hawapati hata chini ya mama yao, na wengine walikuwa wanajidonoa wanaimeza ile rangi. Nikatafuta thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, nikawafuta. Ndiyo kwanza nikawazidishia. Waliokufa niliwazika nyuma ya bafu kabla Mama hajatoka, nachungulia huku na huku kama mwizi.

Hapo ningesema tu. Mama angenifokea, yakaisha. Lakini nilifikiria yule mshona nguo atakavyonicheka, na Mama alivyonisifu. Nikamwambia ni mwewe.

Kumbe nimejipalia makaa. Mama akabeba kigoda chake, sufuria kuukuu na mwiko, akaenda kukaa uani kulinda. Kuanzia kunapokucha mpaka kuku walale, jua lote lake. Ule mtoto wa jicho unamfanya aone kila kitu kama kwenye moshi, lakini kivuli cha ndege ukutani alikuwa bado anakiona. Nao vifaranga wakaendelea kufa, wawili leo, watatu kesho, nami naokota naficha. Jioni anawaita, anawapapasa mmoja mmoja, anakuta wamepungua. Ananiuliza. Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu: "Mama, si kapita hapo mbele yako sasa hivi! Hukumwona?"

Nilimwambia hivyo siku nne, Dada. Siku nne.

Siku ya tano hakutoka tena uani. Nikajitia hamnazo, nikaona afadhali, apumzike. Wale wanne waliobaki nikawafunika kwa tenga pamoja na mama yao mpaka mabawa yakaota, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama ningekuwa na akili. Ilipofika siku ya kupasuliwa nikamkuta kitandani, hajavaa. Haendi. Nilidhani anaogopa kisu. Nikambembeleza, nikamkasirikia, nikaenda zangu kazini.

Juzi ndipo nilipomsikia akiongea na mshona nguo dirishani. Anamweleza kwamba macho yake yamekufa kabisa, kwamba ndege mkubwa mzima anampita mbele ya pua asione hata kivuli. Daktari amfungue amtafutie nini? Nafasi yake apewe mtu ambaye bado ana macho. Nilisimama pale nje na ndoo yangu.

Jana nikaingia chumbani kwake nikapiga magoti, nikamwambia yote. Nilisubiri matusi, au hata kofi. Aliniuliza mara mbili: mwewe hakuwepo? Nikamjibu, baada ya wale wawili wa mwanzo hakurudi hata siku moja. Mama akaanza kulia, na hakuwa akilia vifaranga. "Basi nilikuwa naona," akasema. Akaushika huu mkono wangu wenye rangi, akarudia, "Nilikuwa naona." Afadhali angenipiga.

Sasa nakuomba, mrudie daktari utuombee siku nyingine. Mwambie kosa halikuwa la mgonjwa, lilikuwa la mwanawe. Mama amekubali kwenda, na safari hii nitampeleka mwenyewe nimshike mkono mpaka mlangoni.

Nisalimie sana Shemeji, Kibonge na mdogo wake, na mama mkwe wako. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake na akupe moyo wa kunivumilia.

Nitamsomea Mama barua hii kabla ya kuifunga, nisije nikapunguza neno.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea haya,

Msasa