Ukurasa Nilioushona Kinyume

Mpendwa mshauri wa ukurasa wa kumi na nne, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi hiyo shikamoo nirudishie nami nitaiitikia, naomba msaada, na ukitaka kucheka subiri mwishoni, maana katikati kuna mahali mtu mzima nilikaribia kulia.

Mimi ni fundi viatu. Shule niliishia darasa la nne, na siyo kwa ujinga, mwalimu alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na mbio, nikatumia mbio. Lakini leo hii ninavyokuandikia, kwenye chumba cha pili ukitoka sebuleni kwangu, kile walichokuwa wanalala wanangu kabla hawajaoa na kuolewa, kuna maktaba ya mapigano ambayo hata watu wenye digrii zao wanavua viatu kuingia, tena nawavulisha mimi mwenyewe huku naviangalia soli. Vitabu mia mbili na kumi na vinne, kanda za video tisini na sita, karate, judo, kung fu, mieleka, kupigana kwa fimbo, kuna hata kitabu kizima cha namna ya kuanguka, ndiyo, kuanguka tu, kurasa mia na themanini mtu anaanguka, na ndicho kinachoazimwa kuliko vyote, daktari wa viungo kutoka zahanati amekichukua mara tatu kuwafundishia wazee wenzangu wanaoteleza bafuni. Askari mmoja mwanamke huwa anakuja kwa ajili ya judo. Kila kitu kinakaa kwenye boksi la viatu, na nimepanga kwa namba za viatu, judo arobaini na tano kwa kuwa vitabu vyake vinene, karate arobaini na mbili, na vile vya kupumua na kunyoosha mgongo viko kwenye maboksi ya watoto kwa sababu ni vyembamba. Mtu akibisha hodi namuuliza, "Leo unavaa namba ngapi?" Sheria ni tatu: unanawa mikono, chai inabaki sebuleni, na ukilamba kidole ili kufungua ukurasa unatoka nje na ulimi wako.

Mtaa mzima unaniita Profesa wa Mateke. Sasa hapa nikuibie siri, maana jina langu halimo humu: mimi sijawahi kumpiga mtu teke tangu nizaliwe. Nilirusha moja tu, mwaka nilionunua deki ya kuchezea kanda, nikafuata picha vizuri kabisa, nikaupata mlango, kidole gumba kikalala kwenye plasta wiki sita. Mke wangu hajanisamehe mlango. Kila nikileta kitabu kipya anasimama kizingitini na mikono kiunoni. "Mzee, vitabu vyote hivyo vya kupigana, na juzi paka kakunyang'anya samaki mkononi."

"Mama, yule paka ana mkanda."

"Na wewe una nini?"

"Mimi nina kitabu kinachoeleza alivyofanya."

Basi maktaba yote hiyo ilianza na kitabu kimoja, alikisahau mteja ndani ya mfuko wa buti alizoleta kubadilishwa soli, buti alikuja kuchukua, kitabu nilipompa akasema, "Kaa nacho fundi, mimi nimeshapigwa vya kutosha." Kitabu cha karate, picha tupu, na maneno yake ya huko walikotoka wenyewe, maandishi ya kusimama kama vijumba vya njiti, hata namba za kurasa zimeandikwa hivyo hivyo, husomi moja wala mbili. Nilikipenda kitabu kile mpaka kikachoka. Siku moja gundi yake ikasema sasa basi, kurasa zote zikamwagika sakafuni kama karata, feni inazunguka juu, na mimi niko magoti chini nazikusanya. Mwingine angelia, mimi nikachukua sindano. Nilitoboa kila karatasi kwa msumari wa kutobolea ngozi, nikashona kwa uzi wa buti niliopaka nta, kitabu kile leo ukikifungia ng'ombe wawili, mmoja huku mmoja kule, watachoka ng'ombe. Na kwa kuwa namba sizisomi, nilizipanga kurasa kwa kuangalia miguu. Mimi miguu naijua. Picha ikiishia mguu wa kushoto mbele, natafuta inayoanzia mguu wa kushoto mbele, jozi kwa jozi, kurasa zote zikakubali isipokuwa karatasi moja katikati, hiyo ilikataa, mguu wa kulia ulikuwa umetokea mbele bila kuaga. Nikajisemea, huyu bwana ameruka. Nikashona.

Mshauri, huyo bwana hakuruka.

Kuna klabu ya karate nyuma ya karakana ya useremala, kocha wake kazi yake ni fundi bomba, kijana wa watu, ana mabega kama kabati, na mchezo mkubwa wa klabu yake, ule wa hatua moja baada ya nyingine mpaka mwisho bila mpinzani, wenyewe wanauita kata, aliutoa kwenye kitabu changu hicho hicho, boksi la kwanza kabisa la arobaini na mbili, miaka kumi na moja sasa. Amewafundisha watu nisioweza kuwahesabu. Na ndani ya klabu hiyo yumo mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa, ana miaka ishirini na moja, kazi yake kupiga pasi kwa dobi, suruali akiikunja ule mstari unaweza kukatia kitunguu, na teke lake likipita karibu na sikio lako unasikia baridi. Huyu amekulia kwenye chumba kile, amejifunzia kusoma kwenye maboksi yangu. Siyo kwamba namsifia kwa sababu ni wangu, namsifia kwa sababu ni wangu na ni kweli.

Wiki iliyopita fundi wa redio akanitengenezea deki, ilikuwa imekaa miaka haili kanda, nikasema sasa niitazame ile kanda moja ambayo sikuwahi kuiona, nilipewa na yule askari wa judo. Mchana, niko peke yangu, nina chai (chai kwenye maktaba, ndiyo, sheria ni za wageni). Anatokea mzee mmoja mwembamba kama ufagio, anaanza kata ile ile, hatua kwa hatua naijua, nachezesha vidole vya miguu pamoja naye. Anafika katikati. Anageuka. Halafu anapiga.

Nikarudisha kanda. Anageuka, halafu anapiga. Nikazima televisheni nikaiwasha tena, nikidhani labda imekosea yenyewe. Anageuka, mshauri, ndipo anapiga! Kwetu sisi ni kinyume: unapiga kwanza, unaruka kidogo, halafu ndio unageuka kuangalia umempiga nani. Ile karatasi moja niliishona mgongo mbele. Miaka kumi na moja klabu nzima inapiga watu wasiowaona kwa sababu ya sindano yangu! Na kocha, maskini, amewatungia mpaka hekima yake, nimemsikia kwa masikio yangu akiwaambia, "Hapa ndipo penye siri. Bingwa hapigi kwa macho."

Nisingekusumbua kama ingeishia hapo, ningekunywa chai yangu nikazeeka nayo. Lakini Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu wanakuja watahini watatu kutoka mbali, wageni, hawatujui, kumtahini mjukuu wangu mkanda mweusi, wa kwanza katika klabu ile, na kata atakayoonyesha ndiyo hiyo, na wao bila shaka wanaijua kama anavyoijua yule mzee ufagio. Na binti aliwahi kuniuliza. Alikuwa na miaka kumi na nne, akaja na kitabu mkononi, "Babu, mbona anapiga kabla hajageuka? Anajuaje kama kuna mtu?" Nikamwambia bingwa anasikia harufu. Mwaka jana akauliza tena, "Babu, huu mguu wa kulia umefikaje mbele?" Nikasema aliruka. Hakubisha, siku hiyo hiyo akatunga kuruka kwake, kadogo, kazuri, kama mtu anavuka mfereji, na klabu nzima ikakachukua.

Juzi kaja na nguo yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, ananiambia, "Babu, wakiniuliza nimefundishwa na nani, nitasema kocha, na maktaba ya babu yangu." Mke wangu akapiga kigelegele. Mimi nikaomba ruhusa nikaenda chooni, na sikuwa na haja.

Sasa mshauri, nimewaza mambo matatu. Moja, ninyamaze, labda watahini wataona kuruka kule ni ufundi mpya. Pili, niseme limetoka toleo jipya la kitabu, wenyewe huko wamebadilisha mawazo. Tatu, nigeuze ile karatasi kimya kimya halafu nimshangae kocha, "Kijana, ulikuwa unasoma wapi?" La nne, la kusema ukweli, nimeliwaza pia, lakini hapo ninaona ule mlango wa maktaba, watu wanapita wanasema yule pale profesa wa kurasa za kinyume, na namuona binti ananiangalia. Nishauri haraka, siku zinakimbia kuliko nilivyokimbia mimi shule.

Ni mimi, Profesa wa Mateke, goti la kulia bovu.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo ni yako, nakupa mbili. Barua yako nimeitoa nyuma ya foleni nikaiweka mbele, na wenye ndoa mbovu wiki hii watanisamehe, wao hawana mtihani Jumamosi. Nimecheka katikati, samahani, nilishindwa kusubiri. Sasa kaa chini nikugombeze.

Umekaa na viatu vya watu maisha yako yote. Mteja akikuletea kiatu cha kulia na kingine cha kulia, unamshonea na kumwambia ni jozi? Hapana. Wewe uliona miguu haikubaliani, uliona kwa macho yako yale yale unayojisifia, na ukashona kwa kuwa ulishapiga magoti na ulitaka kuinuka. Kosa lako la kwanza ni hilo, dogo, la uchovu, nani hajalifanya. Kosa la pili ndilo kubwa: mtoto alikuuliza mara mbili na mara mbili ukamfunga mdomo kwa utani. Utani wako ni mzuri, mzee, lakini siku zile ulikuwa umeutumia kama pazia.

Toleo jipya? Usinichekeshe tena. Mzee ufagio wa kwenye kanda, kwa maelezo yako, ana umri mkubwa kuliko kitabu. Na ukimtupia kocha lawama, yule kijana wa mabega ya kabati ambaye amekiamini kitabu chako miaka kumi na moja, basi nitakuja mwenyewe kukuvua hilo jina la profesa. Kunyamaza ndiyo usiseme kabisa. Ukinyamaza, atasimama peke yake mbele ya wageni watatu akilipa uchovu wako.

Na huyo binti humjui kama unavyodhani. Soma barua yako upya. Ameona akiwa na miaka kumi na nne kwamba pale hapaungani. Hakukitupa kitabu, hakukucheka, hakwenda kumwambia kocha kwamba babu amekosea. Alijenga daraja la kuruka juu ya shimo lako, akalifanya zuri mpaka watu wakaliiga. Wewe unaogopa atakuangalia vipi? Amekuangalia hivyo miaka saba, na bado anataka kukutaja mbele ya watahini. Maktaba iliyomlea mtu wa namna hiyo usiiombee radhi. Irekebishe.

Kwa hiyo fanya hivi, na uanze leo, siyo kesho. Mwite binti, mwite na kocha, na mkeo aje, amekuvumilia hadi mlango. Chai ibaki sebuleni. Waonyeshe kanda, wewe mwenyewe bonyeza, wewe mwenyewe useme, "Niliishona mimi, kinyume." Usitie kichekesho hapo. Kimoja kinaruhusiwa baadaye. Kisha chukua msumari wako, fumua ule uzi mbele yao, geuza karatasi, ushone upya, na pembeni mwa ukurasa andika kwa mkono wako kwamba fundi alikosea hapa na akarekebisha, uweke na tarehe. Atakayeazima boksi hilo la kwanza baada yako atajua kwamba mwenye maktaba hii alikuwa anasoma anachokihifadhi.

Kocha aamue pamoja naye jinsi ya kujifunza upya. Siku zilizobaki zinatosha kwa miguu ile, na kama watahini ni watu wa haki, kocha akawaeleze mapema kilichotokea. Ule mruko mdogo mwambie binti asiutupe. Autungie kata yake mwenyewe siku moja, na wewe utautafutia boksi.

Na Jumamosi usiende kukaa mbele na wakubwa. Kaa nyuma kabisa, ukutani, nyosha goti lako. Kwa kuwa safari hii atageuka kwanza, ndipo apige. Akigeuka, akukute hapo.