Kiti cha Tatu Mezani

Jumatatu, 4 Machi 1996

Intavyuu ya mtunza stoo, kiwanda cha minofu ya sangara. Nafasi moja tu. Nimefika kabla geti halijafunguliwa. Kiwanda cha nguo nilishika stoo miaka na miaka mpaka walipotupunguza — nani ananizidi? Saa sita mlinzi anatoka: bosi yuko Nairobi, mrudi kesho. Kesho! Na sketi yenyewe nimeazima.

Shemeji Machibya ametuma salamu kutoka Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Ijumaa anavuka. Akinikuta sina kazi anamchukua Queen wangu akalime kwake, shule basi. Mtoto yuko kidato cha pili! Tangu mume wangu afariki, huyu mdogo wake ndiye amejifanya msemaji wa nyumba.

Jumanne, 5 Machi

Tumerudishwa tena. Hakuna hata wa kusema samahani. Washenzi.

Jumatano, 6 Machi

Makubwa haya! Waombaji wote vijana, mtu mzima ni mimi peke yangu. Kila anayeingia, shikamoo mama, shikamoo mama. Bwana Oluoch wa utumishi kaona ninavyoamkiwa, kanishika mkono: kumbe umefika mama, tunakusubiri wewe! Kanikalisha upande wao wa meza, kiti cha tatu. Nikasema jamani, mimi nimekuja kuomba kazi. Akaninong'oneza. Mtaalamu waliyemwalika hakutokea, na bosi anataka watu watatu mezani. Nisaidie mama, wewe nitakuhoji mwisho. Ningefanyaje? Nimkatalie mtu ambaye ndiye wa kuniajiri?

Nikauliza maswali. Wengi hata hawajui kwamba mzigo uliotangulia kuingia ndio hutangulia kutoka. Binti mmoja wa Kiseke, Modesta, alijua. Sauti inamtetemeka, lakini anajua. Oluoch akaniuliza, huyu vipi? Nikasema ukweli: huyu anafaa. Mdomo wangu huu!

Zamu yangu ilipofika umeme ukakatika. Kesho, akasema.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemkuta Oluoch anapanda gari. Nikalikimbilia, mtu mzima mimi, kandambili mkononi. Kesho mama, kesho.

Ijumaa, 8 Machi

Oluoch kanipokea kwa soda. Bosi amerudi, kayapenda sana maswali yangu. Modesta kapata kazi. Na mimi je? Kakuna kichwa. Jina langu limepelekwa pamoja na majina ya waliohoji, bosi kashasaini. Sasa atamwambiaje kwamba aliyehoji naye alikuwa mwombaji? Atafukuzwa yeye! Ila Jumatatu kuna intavyuu ya madereva, nije nikae tena. Kwa soda na nauli. Nilitaka kumtukana. Nikasema nitakuja. Sijui kwa nini nimesema hivyo.

Getini Modesta kanikumbatia, analia kwa furaha, ananiita mama yangu. Nikampongeza. Roho inaniuma, na mtoto wa watu hana kosa.

Shemeji ameshafika. Yuko sebuleni, mimi nimejifungia chumbani naandika. Nguo za Queen zimekunjwa, ziko kwenye mfuko. Niliulizwa hata sijavua viatu: kazi umepata, hujapata? Nikamjibu Jumatatu wananihitaji tena.



Sasa namsikia anamwambia Queen ampelekee maji ya kuoga. Kama ni Jumatatu, anasema, basi atasubiri hapahapa.