Uliyezungumza Naye Kuliko Sisi Sote

Mama Wafula,

Simu yako imenifikia. Kaka yako alimpa dereva wa lori la mafuta ya kupikia, ikiwa imefungwa ndani ya leso yako ya kijani, naye dereva akaniletea hadi hapa Kator, mtaa huu wa Juba tunapojenga. Leso ina harufu yako bado, ya moshi na sabuni. Sijaifua.

Sikukuzika. Wewe unajua, lakini acha niseme kwa mdomo wangu. Wiki uliyokata roho, Juba ilikuwa inanguruma kwa bunduki. Tulilala kifudifudi nyuma ya matofali, mtandao umekatika, hakuna aliyejua kama kesho ipo. Mtandao uliporudi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la Mama Keji, nasubiri chakula, kaka yako akanipigia, akaniambia tumeshamfunika juzi. Unamkumbuka Mama Keji, ulivyokaa naye ulipokuja kunitembelea, mwaka uliofuata baada ya wao kupandisha bendera yao mpya, mkikaanga mandazi pamoja. Siku hiyo alipiga yowe kuliko mimi. Mimi sikuweza hata kulia. Barabara ya Nimule, ya kuja nyumbani, ilikuwa imefungwa. Ilipofunguliwa, sikuja. Nilijiambia, nakwenda kuona nini sasa? Udongo?

Simu yako ilipofika, kaka yako alinipigia. Akasema, "Shemeji, huyu mtu alituficha. Tulijua kuna uvimbe siku tunambeba kwenda hospitali. Lakini kila jioni alikuwa nyuma ya jiko na hiyo simu. Mara anacheka, mara anafuta machozi. Sisi tukajua ni wewe."

Haikuwa mimi.

Mimi uliniandikia "Tuko sawa." "Watoto wazima." "Mvua imenyesha." Nimezisoma zote tena, mke wangu, na hakuna hata moja inayosema unaumwa. Kwa hiyo nilitaka kujua jambo moja tu. Ulimwambia nani? Miezi yote ile titi linavimba, ulikuwa na mtu, au ulikuwa unalia peke yako mbele ya kioo cha simu?

Okello, yule tunayepiga naye plasta, aliniona nikihangaika na simu yako akaniambia, "Achana na simu ya marehemu, bwana. Utakuta dume humo." Nikamwambia afadhali dume. Akadhani nimechanganyikiwa. Lakini nilimaanisha. Nilisema moyoni, hata kama ni mwanaume, Mungu ambariki, mradi alikusikiliza.

Unajua shule yangu iliishia wapi. Nilifungua WhatsApp yako nikaona jina la juu ni la mwalimu wa Wafula, nikaanza kumchukia mwalimu wa watu. Nikaipeleka mtaa wa Nyakuron kwa fundi wa simu, Mganda mmoja mwenye maneno mengi. Akanicheka. "Mzee, huyo wa juu iko tu mtu ya mwisho kuandika. Huyo hapana ndiye." Akaingia kwenye mipangilio, akabonyeza mahali panapoonyesha nani amekula nafasi kwenye simu. Huko watu wote wamepangwa, mzito mbele, mwepesi nyuma. Wa kwanza alikuwa kwaya.

"Mke yako alipenda kwaya sana?" akaniuliza.

Nikasema alipenda, lakini mtu halilii kwaya nyuma ya jiko.

"Basi ni video hizo. Video inafanya mtu mnene bure. Wewe tafuta nani walisemezana mara nyingi." Akafungua jina moja moja, na ndani ya kila jina imeandikwa maneno mangapi, picha ngapi, sauti ngapi. Wa pili kwa uzito hakuwa na picha hata moja. Sauti tupu. Sauti mamia. Umemwandika "Dada Juba."

Nilimtazama fundi, fundi akanitazama. Namba ilikuwa ya huku. Niliichukua nikaibonyeza kwenye simu yangu mwenyewe, polepole, na kabla sijamaliza simu yangu ikaleta jina: Mama Keji Chakula.

Mama Keji! Mwanamke anayeniwekea sahani kila siku ya Mungu. Tena alikuwa amefunga kitambaa cheusi tangu mwezi wa saba, mwezi uliokufa wewe, na mimi nilimuuliza umefiwa na nani, akasema dada yangu, nikampa pole nikaendelea kutafuna. Hapa kila mtu amefiwa na mtu. Sikuuliza dada yupi.

Nilikwenda kwake moja kwa moja na hasira, watu wamejaa kwenye mabenchi. Nikamwambia, "Ulikuwa unanipakulia maharage huku mke wangu anakufa?" Hakubisha. Aliweka upawa chini. Unajua Kiswahili chake cha kambi za wakimbizi za Uganda. Akasema, "Malesh, samahani, Baba Wafula. Yeye aliniapisha kwa jina ya Yesu. Mimi ningefanya nini? Kila siku naweka sahani mbele yako, na wewe unasema chumvi kidogo." Nikaondoka bila kula. Nilimwita mchawi njiani, nisamehe, nilimwita.

Kesho yake wenzangu walipokwenda kula, mimi nilibaki juu ya jukwaa la ujenzi, nikaziwasha sauti zako.

Sikujua nimeisahau sauti yako. Mtu anadhani anaikumbuka, kumbe anakumbuka maneno tu. Ulikuwa unapumua kwanza kabla ya kuanza kusema. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa.

"Dada, amekula leo?" Karibu zote zinaanza hivyo. Na yeye anajibu, "Amekula. Ameongeza." Au, "Leo iko na homa kidogo, nimempa chai ya tangawizi." Mnasemana mandazi, mnasemana watoto, unamweleza titi linavyochoma, unalia, naye anakuombea kwa Kibari, lugha ya kwao, hadi unatulia. Halafu nikakuta sauti moja yake isiyo na mtu anayezungumza. Kelele za sahani tu. Na mimi. Ni mimi nabishana na Okello juu ya mpira, nacheka kama punda. Mama Keji alikuwa ameinua simu nyuma yangu ili unisikie. Nikaendelea, nikakuta nyingine, na nyingine. Mimi nacheka. Mimi nakohoa. Mimi nauliza pilipili iko wapi. Na wewe unajibu, "Asante dada. Nimesikia. Leo nitalala."

Nilishuka jukwaani.

Na ile moja, ambayo sitaisikiliza tena lakini sitaifuta: "Usimwambie. Namjua, nikimwambia atapanda gari kesho, na hiyo barabara inakula watu. Heri watoto wabaki na mmoja."

Ungeniambia, mke wangu. Ningekuja kwa miguu. Ndiyo maana hukuniambia, najua. Bado nasema ungeniambia.

Nilirudi kwa Mama Keji nikaweka simu mezani, nikamwambia tusikilize pamoja. Ulipopumua tu, kabla hujasema neno, alipiga kelele akakaa chini kwenye vumbi. Wateja wakauliza chakula. Akawajibu huku analia, "Khalas! Leo hapana chakula. Leo iko matanga." Nilidhani wataondoka. Hakuna aliyeondoka. Mwenye kofia aliivua, Okello akatandika gunia la saruji akakaa, na wanawake wa jiko la pili wakaja wakakuimbia kwa lugha nisiyoijua. Hapo ndipo nililia. Nililia mpaka pua ikatoka damu, wakanimwagia maji kichwani. Kwa hiyo umefanyiwa kilio Kator, Mama Wafula, na watu ambao wengi wao hawakukuona.

Sasa nakwambia nilichoamua. Ulinyamaza na maumivu yako ili watoto wabaki na mmoja, na huyo mmoja amekaa huku anabandika plasta kwenye nyumba za wengine, watoto hawamwoni. Basi imetosha. Plasta ya hapa Okello ataimaliza. Mama Keji amenikataza kupanda gari lolote lisilokwenda na msafara, nikamwapia kwa jina lile lile ulilomwapisha wewe. Nikifika nitawaketisha watoto niwaambie mama yao alikuwa na dada, na nitawapa simu waongee naye.

Lala, mke wangu. Usiulize tena habari zangu huko uliko, pumzika. Huyo mmoja anakwenda nyumbani. Anakwenda mchana kweupe, polepole, nyuma ya magari ya askari.

Baba Wafula