Kikande wa Marehemu Uwesu

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Jumatano.

Kwa kaka yangu Abubakary,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Tanga, wewe na wifi na wote nyumbani, na kwamba lile goti limepoa, maana kwenye msiba nilikuona unapanda ngazi zangu kwa kushika ukuta. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Eda nimeimaliza salama. Kina shangazi wamenikogesha, wamenivalisha nguo mpya na kunifukiza udi, wakala biriani yangu, wakaenda zao. Kilichobaki si kizima ni kichwa.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi. Nimeandika kwa makusudi, kaka. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza neno unalimalizia wewe, na unalimalizia vibaya. Karatasi haikatizwi. Basi kaa chini, vaa miwani, usome mpaka mwisho kabla hujampigia mtu yeyote.

Uliniambia nifunge nyumba, Ijumaa unakuja na gari kunichukua, na samaki wa marehemu mume wangu apewe yule mtu wa hoteli aliyemtaka. Nikakujibu sawa. Siku ile nilimaanisha, naomba uamini hivyo. Nilikuwa nimechoka na nyumba hii, na samaki nilikuwa nimemchoka zaidi.

Wewe mwenyewe ulipomwona mara ya kwanza uliuliza analiwa lini, na hukukosea. Kwa watu wa pwani kikande ni samaki wa kuchunwa ngozi kama mbuzi, akatiwa kwenye nazi. Lakini Uwesu alimleta mwaka jana kwenye ndoo, akisema amepewa na daktari mmoja anayehama mji. Akamtengenezea tangi la kioo refu kuliko sofa letu, akaweka pampu, taa, mchanga na mawe, na betri za magari kutoka dukani kwake mtaa wa Gerezani ili umeme ukikatika samaki asikose hewa. Sisi wenyewe umeme ukikatika tulikaa na mshumaa. Sebule ikawa ya samaki, sisi tukawa wageni wake.

Tulimwita Afande. Hakukubali kuwekewa mwenzake, kila aliyewekwa alitafunwa mapezi. Asubuhi alibeba mawe kwa mdomo akayapanga upya, na asiporidhika alikoroma mpaka unamsikia nje ya kioo. Mgeni akisogea, Afande anapanda juu anamtemea maji ya uso, kisha anaingia kwenye pango lake la mawe na kusimamisha mwiba wa mgongoni. Hapo hata umvute kwa koleo hatoki. Mimi nilimlisha kwa kibanio cha makaa, kwa sababu kidole changu cha shahada kina alama ya meno yake mpaka leo. Uwesu peke yake ndiye aliyeweza kutia mkono. Samaki alikuja akalala ubavu kwenye kiganja chake, akakunwa, akatulia. Nikiwaangalia nilikuwa naona wivu, kaka. Mwanamke mzima anamwonea wivu samaki.

Basi Uwesu akafa ghafla, kama unavyojua, na nyumba ikajaa wanawake. Shangazi Salma akasogea kumshangaa Afande, akatemewa. Akasema si vizuri dume lenye macho vile kumkodolea mwanamke wa eda, akafunika kioo chote kwa shuka. Nilimwambia ni samaki. Akaniambia dume ni dume. Nilikosa nguvu ya kubishana, na ukweli ni kwamba nilitamani kucheka, nikaona aibu.

Samaki akagoma kula. Nilimwekea kamba, nikamwekea kome wenye maganda anaowapenda, vyote vikaoza mchangani. Maji yakaanza kuwa meupe. Yule mwanamume wa guta la magurudumu matatu aliyezoea kutuletea maji ya bahari hakuweza tena kuingia ndani kwa sababu ya eda yangu, akawa anashusha madumu chini mlangoni na kuondoka. Mimi siruhusiwi kutoka. Nikawa nakaa kwenye mkeka namwangalia Afande anavyokonda, nikasema moyoni kama na yeye anataka kumfuata Uwesu, na amfuate.

Mwezi wa pili wa eda akaja msichana. Jina lake Husna. Alisema anachuna samaki pale sokoni Feri, kwamba marehemu alikuwa mteja wake wa kamba, na amesikia maji yanaishia mlangoni. Akajitolea kuyapandisha na kuyabadilisha. Alivaa dera la maua na mtandio wa njano. Nikaona ni riziki imeingia, nikamwonyesha kioo, nikamwonya kwamba huyo anauma.

Husna akafunua shuka. Nilisubiri atemewe. Kaka, Afande alitoka pangoni mbio, yeye ambaye hajatoka tangu maziko. Akapanda juu. Msichana akatia mkono mtupu, bila hata kuniuliza, na samaki akalala ubavu kwenye kiganja chake. Siku hiyo alikula kamba wote.

Mimi nikakaa chini. Samaki huyu hajawahi kuishi popote ninapopajua isipokuwa sebuleni kwangu. Nami mchana kutwa nilikuwa Mchikichini kwenye meza yangu ya mitumba. Sasa huyu amemzoea lini, kama si wakati mimi sipo? Nikaona kila kitu kwa jicho jingine, sofa, vikombe, hata kitanda. Lakini sikumfukuza. Ningemfukuzaje, na yeye ndiye aliyekuwa ananiwekea hai kitu cha mwisho cha mume wangu? Na kama nilikuwa simpendi samaki, mbona nilitaka aishi? Hapo ndipo kichwa kilipoanza kunizunguka.

Nikamwita Agnesi, yule Mchaga mwenye duka la ndoo na mabeseni pale chini kwenye ngazi. Unamjua, hapiti hata paka bila yeye kujua. Nikamuuliza kwa kuzunguka kama alishawahi kumwona msichana huyu akipanda huku Uwesu akiwa hai. Akaniapia kwamba hajawahi kumwona hata kivuli, na kwamba angemwona ningeambiwa siku ileile, bure. Sasa ikawa afadhali angeniambia ndiyo. Nikafikiri mtoto wa watu ana hirizi ya samaki. Nikafikiri labda samaki nao huchoka na wanawake wazima. Nikafikiri ni mke wa siri, halafu nikajisuta mwenyewe: mke yupi aliyefiwa anatembea mjini na mtandio wa njano? Angekuwa mke angekaa eda kama mimi. Hoja hiyo niliishikilia usiku na mchana, maana ndiyo iliyokuwa inanipa usingizi.

Akaendelea kuja. Nikawa mkali kwake bila sababu ya kueleza. Akimwaga maji kwenye ngazi nilimgombeza. Akipumzika na dumu katikati ya ngazi nilimwambia achangamke. Yeye alinyanyua dumu akaendelea kupanda. Alimlisha Afande, akamkuna, akakaa dakika chache pembeni ya mkeka wangu huku wanawake wakija kunipa pole, halafu akachukua madumu yake matupu akaondoka. Niliona anazidi kunenepa, nikasema kamba wa Feri wanamkubali.

Sasa fika hapa polepole, kaka.

Siku ya kutoka eda alikuja na maji kama kawaida. Shangazi mmoja akamsukumia sahani ya biriani na kumuuliza yeye ni nani. Akajibu kwamba ni mleta maji. Watu walipotawanyika nilimkuta amesimama bafuni mlangoni anaziangalia nguo zangu nyeupe za eda nilizozivua. Unajua kwetu nguo hizo hazirudiwi, anapewa mtu. Akaniomba nimpe yeye. Nikamwambia zimechakaa, achukue dera jipya, alikuwa amenifanyia kazi kubwa. Akasema hapana, anazitaka hizo hizo, kwa sababu yeye hajapata za kwake, na eda yake bado haijaisha.

Nilimwangalia tumbo. Ndipo nilipoliona, mimi niliyekuwa naliona kila siku.

Alinieleza akiwa ameketi sakafuni. Uwesu alimuoa miaka miwili iliyopita huko Buguruni, chumba kimoja cha kupanga. Afande ni wake. Wavuvi walimletea akiwa mdogo kama kiganja ili amchune, akashindwa, akamfuga kwenye beseni la kioo. Uwesu alikwenda kununua kamba, akamwona samaki, akamwona na mwenye samaki. Afande alipokua mkubwa na mwenye nyumba kuanza kulalamikia maji sakafuni, Uwesu alimhamishia kwangu kwenye nafasi. Daktari hakuwapo. Kaka, mimi mwaka mzima nimelea samaki wa mke mwenzangu, na kidole nimempa.

Kifo hakuambiwa na mtu. Alikwenda Gerezani akakuta duka limefungwa, na fundi wa jirani akamtajia siku ya maziko, imeshapita. Hana wazazi. Akikaa eda peke yake Buguruni nani angempikia, na nani angejua kama ni eda au ni ugonjwa? Aliniambia anajua amekosea kutoka nje. Lakini alitaka kukaa mahali ambapo Uwesu analiliwa, na hakuwa na mlango wa kuingilia zaidi ya maji ya samaki. Wanawake walipokuwa wananipa pole, yeye pale pembeni alikuwa anaitikia kimoyomoyo.

Nilitaka kumpiga. Nakuambia kweli. Nilitaka pia kumtoa Afande kwa jembe nikamtie kwenye nazi, nimalize jambo. Miaka yote ya ndoa yangu Mungu hakunijaalia mtoto, na Uwesu alikuwa ananiambia tumeridhika. Nilisimama pale sijui nimshike wapi mtu huyu, na mwishowe mdomo wangu ukatamka wenyewe. Nilimwambia pole. Akalia, kaka, jinsi nilivyolia mimi siku mliyotoka na jeneza. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia neno hilo.

Kesho yake nilikwenda kwa shehe wa Buguruni, akathibitisha kwamba aliifungisha ndoa hiyo yeye mwenyewe. Akanikumbusha kwamba mjane mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue, na mirathi isubiri mtoto azaliwe. Kwa hiyo hayo usiyaanzishe.

Husna yuko hapa. Amevaa nguo zangu nyeupe na anakaa kwenye mkeka wangu. Kina shangazi nimewaambia waje tena, wampe pole vizuri, na Shangazi Salma akileta maneno nitamfunulia Afande. Ngazi hapandi tena na dumu. Maji nakwenda kuyachota mimi, navuka na pantoni hadi Kigamboni penye maji safi, narudi na guta mpaka hapa, nayapandisha. Mgongo unauma. Samaki bado ananitemea.

Usiniulize kama namsamehe Uwesu, maana asubuhi namwombea dua na mchana namtukana. Usiniulize kama nampenda Husna. Jana nilimfichia sukari kwa hasira, kisha nikaenda kumnunulia maembe mabichi. Sijielewi. Lakini Ijumaa usije na gari, kaka. Mtu wa hoteli nimeshamwambia samaki ana wenyewe. Nyumba hii ina eda na siwezi kuifunga.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto, na hao majirani wa barabara ya tisa waambie bado naukumbuka muhogo wao. Hilo goti lisugue kwa mafuta ya nazi yenye mdalasini, usingoje mpaka lishindwe kukunjuka. Siku ukija, njoo kututazama, usije kuchukua mtu.

Husna anakupa shikamoo. Ameniuliza yeye akuite nani. Nimemwambia mtoto atakuita mjomba, mengine tutayajua baadaye.

Ni mimi mdogo wako,
Kuruthumu